Kufukuzana na Mzaramo

Hitima ile watu walikula wali mweupe na maharage yaliyobandikwa harakaharaka, kwa sababu pilau yangu haikulika. Nilikuwa nimetia chumvi mara mbili. Labda mara tatu. Sijui, na kutojua huko ndiko kulikokuwa tatizo lenyewe, maana mkono uliotia ulikuwa wangu na sufuria ilikuwa mbele ya macho yangu. Mwenzangu mmoja alionja, akageuka pembeni akatema, akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga, akasema, "Leo mkono umeteleza kidogo, mama." Umeteleza! Pilau ile ungeweza kufukia nyama ndani yake ikakaa mwaka bila kuoza.

Wanawake wa mtaa wetu wa Cheyo, pale Tabora mjini, wana adabu zao. Hawakunisema. Shughuli iliyofuata, arusi ya jirani wa nyuma, nilikwenda mapema nimejifunga kanga kiunoni, mwiko wangu mkubwa begani. Nikapokewa kwa bashasha kubwa. "Shikamoo mama, karibu, leo wewe pumzika, utusaidie kuchagua mchele." Nikakaa mkekani na ungo mapajani. Mchele wenyewe ulikuwa umeshachaguliwa, hapakuwa na chuya hata moja. Nikauchagua hivyohivyo mpaka adhuhuri, na hakuna aliyenitazama usoni.

Naomba nieleweke. Sikuwa na cheo kingine hapa duniani. Sikuwa mwalimu, sikuwa mjumbe, sikuwa na duka. Nilikuwa mpishi wa shughuli. Ukifiwa Cheyo, ukiozesha, ukimtoa mwari ndani, ulikuja kwangu kupiga hodi. Nikinyang'anywa sufuria nabaki mjane mgonjwa wa kuhurumiwa, na huruma mimi hainipandi. Bora unipige kibao.

Mtu pekee aliyesema neno siku ile ya ungo ni mtani wangu. Huyu ni Mzaramo, jirani yangu ukuta kwa ukuta, aliyeletwa Tabora na mume wake wa reli, na sasa mjane kama mimi. Mimi Mnyamwezi. Utani wetu na Wazaramo ni wa njia ile ya misafara: babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka huku kwenda pwani, wakapita kwao, wakagombana, wakapatana, wakaona heri watukanane kwa kucheka kuliko kuuana. Kwa hiyo yeye ana haki ya kunitukana na mimi sina haki ya kununa. Mume wangu alipofariki alijilaza mlangoni kwa urefu wake wote, akasema jeneza halipiti mpaka alikomboe mtu kwa jogoo, na waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka. Sasa siku ya ungo alipita mbele yangu, akachungulia, akapaza sauti ya kufika barabarani: "Jamani njooni muone, Mnyamwezi kashushwa cheo! Katolewa jikoni, kapewa ungo! Ubongo wako umeuacha wapi wewe, kwenye mzigo wa pembe?" Wote wakacheka. Nami nikacheka, ndiyo desturi. Nilipofika nyumbani nililia mpaka kanga ikalowa.

Cheo chenyewe sikukiokota. Mimi ni mtu wa Bukene, kwenye reli ya kwenda Mwanza, na kwetu hatukuijua pilau. Tulikula ugali wa mtama, mlenda, na maziwa ya mgando Mungu akijalia. Nilikuwa msichana wa shule tulipohamishiwa kijijini wakati wa Ujamaa. Lori lilikuja, baba akapakia kitanda na jembe, kuku wakafungwa miguu, tukashushwa mahali penye viwanja vilivyopimwa kwa kamba, nyumba zote zitazamane na barabara. Watu wakisimulia siku zile, ama wanasifu mpaka povu linawatoka, ama wanalaani. Mimi ninachokumbuka ni miguu. Shamba letu la zamani lilibaki kule, shamba la kijiji lilikuwa huku, kisima kilikuwa kwingine kabisa, na kabla ya yote hayo shule ilitutoa mchakamchaka kungali giza, tunakimbia tunaimba nyimbo za kuijenga nchi. Mimi ndiye niliyekuwa mwimbishaji. Nilikimbia mbele, naanzisha, wenzangu wanaitikia, na pumzi haikunikatika hata siku moja. Mwalimu alisema nina kifua cha fahali.

Nikaolewa Tabora na fundi baiskeli, Mwislamu wa mjini. Nilishuka kwenye treni na sanduku moja la bati. Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa mpishi wa shughuli wa mtaa, na aliponiona nasonga wali kwa nguvu kama ugali alishika kichwa. "Haya, mshamba wa Bukene," akasema, "utajifunza au utarudi kwenu." Alinifunza miaka ambayo hakukuwa na kitu. Mchele ulikuwa wa foleni kwenye duka la ushirika, mafuta ukiyapata unasujudu, na chumvi tuliipata ya Uvinza, chafuchafu, unaiyeyusha na kuichuja kwanza. Katika ukata huohuo mama yule alilisha matanga mazima na watu wakaondoka wanajilamba vidole. Alipofariki, wanawake walikuja kwangu wote pamoja wakanikabidhi masufuria. Mshamba wa Bukene! Siku ile nilijiona nami mtu wa Tabora.

Mume wangu alikufa kwa ugonjwa huu ambao zamani tulikuwa tukiutaja kwa kunong'ona. Dawa zilikuwa bado hazijafika kwetu. Nami nilipopimwa nikakutwa nao. Dawa zilipokuja nikaanza kuzimeza, nikarudisha mwili, mashavu yakajaa, nikasema basi, yamekwisha. Mtaani hakuna aliyejua isipokuwa binti yangu ninayeishi naye na huyo Mzaramo, ambaye ukuta wake umepasuka na anasikia kila kitu.

Yalikuwa hayajaisha. Kwanza mikono. Zamani nilikuwa nakata vitunguu vya sufuria nzima huku nasimulia umbea wa mtaa, na vyote viwili vinakwenda sawa. Ikawa sasa ama nikate, ama nisimulie. Nikisimulia kisu kinasimama. Kisha miguu, nikawa najikwaa pasipo na jiwe. Kisha likaja hili la kusahau nililolifanya sasa hivi. Ya zamani yote yapo, niulize nani alikaa na mimi dawati moja Bukene nitakutajia mpaka jina la mbwa wao. Lakini niulize kama nimefunga mlango, nakutazama tu. Na ulimi nao ulinitupa mkono. Dawa zile za mwanzo ziliniachia ladha ya shaba mdomoni, nikionja supu ya chumvi na supu ya maji naona ni ileile. Mpishi asiye na ulimi wala kumbukumbu ana nini tena?

Binti yangu alinipeleka kliniki baada ya hitima ile. Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko mwanangu. Alinisalimia shikamoo, akanitajia vitu vichache nivishike kichwani, akanitaka nigonge kidole gumba na cha shahada haraka niwezavyo, nivute kwa kalamu mstari kutoka namba hadi herufi. Nilijiona mjinga. Alipouliza vile vitu alivyonitajia ni vipi, nilimwambia, "Vitu gani?"

Hakucheka. Alisema ugonjwa huu kwa baadhi ya watu hugusa ubongo hata pale dawa zinapofanya kazi vizuri mwilini. Si wazimu, akasema, wala hujarogwa, wala uzee bado. Dawa nisiache hata siku moja, na binti anikumbushe. Watanibadilishia ile ya ladha ya shaba itakapowezekana. Halafu akaniambia nifanye mazoezi. Si ya kunyanyua vitu. Ya kutoa jasho na kupandisha pumzi: kutembea kwa kasi, baiskeli, kucheza ngoma, chochote, ilimradi iwe karibu kila siku.

"Kasi kiasi gani?" nikamuuliza.

"Uweze kuongea, lakini usiweze kuimba."

"Mwanangu, sisi shuleni tulikuwa tunakimbia na kuimba."

"Basi mlikuwa mnakimbia polepole, mama."

Weee! Nilitaka kuinuka niondoke. Mimi, kifua cha fahali, naambiwa nilikimbia polepole na mtoto aliyezaliwa mchakamchaka umeshapoa. Nikamuuliza kwa hasira kama kukimbia kutanirudishia kichwa changu. Akasema wengine wanapata nafuu, wanakuwa wepesi kidogo wa kufikiri, wanalala vizuri, lakini hawezi kuniahidi. Nilimheshimu kwa kutoahidi. Nikamwambia sawa.

Kusema sawa kliniki ni rahisi. Sasa nenda Cheyo ukakimbie. Mwanamke mtu mzima hakimbii mtaani kwetu. Watoto wanakimbia, wacheza mpira wanakimbia, mama mwenye wajukuu akikimbia pana jambo. Nilivaa raba za binti yangu, nikajitanda kanga mbili, nikatoka asubuhi jua likiwa bado la chini, nikashika njia ya relini kwa mwendo wa kasi, macho mbele. Jirani wa kwanza akaniuliza, "Kuna nini, mama?" Nikajibu, "Hakuna kitu." Wa pili akauliza, nikampungia mkono nisipoteze pumzi. Mchanga wa Tabora unajulikana, unakanyaga unarudi nyuma, na jasho likaanza kunitoka vizuri kama daktari alivyotaka.

Nilipofika karibu na reli nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na kundi la wanawake, wamejifunika kanga kichwani, wanahema, mmoja ana unga wa ngano mpaka kwenye viwiko. Mwingine alikuwa tayari analia.

"Nani?" wakaniuliza.

"Nani nini?"

"Nani kafariki?"

Maana ukimuuliza mtu anayekwenda mbio kuna nini akakujibu hakuna kitu, ujue lipo, na ni zito. Walikuwa wameacha vyungu jikoni kunifuata msibani. Nikawaambia nafanya mazoezi. Yule aliyekuwa analia ndiye aliyekasirika kuliko wote, kwani machozi alikuwa ameshayatoa na hayarudi. "Mazoezi ya nini, una mechi?" akasema, na wakarudi zao wananong'ona. Niliwasikia. Mara hii hawakusema mkono umeteleza. Walisema kichwa.

Nikavua raba nikazirudisha chini ya kitanda. Binti yangu alinibembeleza, akanigombeza, akalia. Nikamwambia, thubutu, sitoki tena. Kama ni kufa na sahau zangu acha nife nazo ndani ya nyumba yangu nimekaa. Nilishinda kutwa nimeegemea ukuta, na ukikaa vile kichwa ndio kinazidi kuwa kizito. Siku nyingine binti alikuwa akirudi kutoka kazini ananikuta mahali palepale aliponiacha. Arusi mbili zilipikwa na wengine, na mimi hata kwenye ungo sikuitwa.

Binti ndiye aliyekwenda kumweleza mtani wangu maneno ya daktari. Simlaumu, ingawa wakati ule ningejua ningemtia adabu.

Asubuhi moja nimekaa kibarazani nakunywa chai, Mzaramo akaingia bila hodi. "Mwangaluka, mtumwa wangu!" akasema, na Kinyamwezi chake kibovu kile. Akapita mpaka jikoni. Akatoka na mwiko wangu, ule mkubwa wa shughuli, wa mninga, niliourithi kwa mama mkwe. "Huu nauchukua," akasema. "Mpishi wa ungo hana haja ya mwiko. Nakwenda kuukorogea uji wa kuku." Akatoka nao. Nilidhani atasimama mlangoni. Hakusimama. Mwanamke mnene vile, kanga zimepandishwa, anaondoka kwa kasi kuelekea barabara ya Kwihara, mwiko juu kama bendera!

Nikamfuata. Sikuwa na wazo la daktari wala mazoezi, niliuona mwiko wa mama mkwe unakwenda kukoroga uji wa kuku. "Rudisha mwiko wangu, mwizi mkubwa!" Na hapo ndipo nilipogundua jambo. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Muuza mkaa alisogeza baiskeli yake tupite. Wanawake wale wale walionifuata msibani walisimama milangoni wakapiga vigelegele. "Mkamate, Mnyamwezi! Usimwachie!" Mtu mzima akikimbia peke yake kachanganyikiwa au kafiwa. Akimkimbiza mtani wake, ni desturi.

Nilimpata nje kidogo ya mji, pale nyumba zinapoanza kuachana, ameketi juu ya jiwe anahema, mwiko kaukalia. Nami nilikuwa hoi, moyo unapiga mpaka masikioni.

"Komboa," akasema.

"Nikukomboe kwa nini, mwizi wewe?"

"Taja pilau. Inaanza nini?"

"Mafuta."

"Kisha?"

"Vitunguu, viive viwe vyekundu."

"Kisha?"

Kitunguu saumu na tangawizi au viungo vikavu? Kitu nilichokifanya maisha yangu yote kilikuwa kimekaa nyuma ya mlango na mlango hautaki kufunguka. Nikabahatisha. Akainuka, akajipangusa vumbi matakoni. "Kosa. Njoo kesho," akasema, akaondoka na mwiko.

Nilimtukana njia nzima ya kurudi, naye akanitukana. Usiku nilitaja pilau kitandani kama mtoto wa madrasa, na nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata siku nyingi.

Ndivyo ilivyokuwa tangu siku ile. Kila asubuhi aliiba kitu. Mwiko akiurudisha anachukua mbuzi ya nazi, mbuzi ikirudi anachukua kiatu kimoja, siku nyingine alianua kanga yangu kambani ikiwa bado mbichi akajitanda nayo njia nzima. Nami nyuma yake. Mwanzoni nilikuwa nasimama kila mara kuvuta pumzi, naye anasimama mbali ananisubiri kwa matusi: "Njoo, gogo! Babu zako walifika Bagamoyo na pembe kichwani, wewe kiatu kinakushinda!" Baadaye nikawa sisimami. Ilifika mahali yeye ndiye anayetafuta pa kukaa, maana mwili wake ni mkubwa na magoti yalikuwa yanamuuma, ingawa hilo hakulisema hata mara moja. Kila tulikofika, kabla sijapata pumzi, swali: taja pilau. Nikipatia, ananirudishia kitu changu na kuongeza jingine, taja vya kuchemsha nyama, taja mchele wa watu mia unataka maji kiasi gani. Nikikosea anaondoka nacho.

Na mdomo ule! Aliyasema yote hadharani. "Huyu ugonjwa umempanda kichwani, jamani, msimuulize njia!" Mtaa mzima ulisikia, na mtaa mzima ulicheka, kwani nani anayeamini neno la mtani? Siri yangu ilitembezwa Cheyo kila asubuhi kwa sauti ya juu, na ikabaki siri. Sijui kama alilipanga au mdomo wake tu haukuwa na mlango. Nikimuuliza ananiambia Wanyamwezi hawana siri, wana mizigo.

Kuna siku ilinikuta mbaya. Nilikuwa katikati ya njia, nakwenda kwa kasi, mara nikasahau ninakwenda wapi. Barabara naiona, mihogo ya watu naiona, miguu inataka kwenda, lakini sijui ninafuata nini. Nilisimama pale kwenye jua nikaogopa. Nasema kweli, niliogopa kuliko siku niliyopewa majibu ya kipimo. Mtani aliona simfuati, akarudi. Nikadhani sasa atanishika mkono. Loo! Alinisimamia mbele, mikono kiunoni. "Unashangaa nini, zezeta? Unafuata sinia lako, nimeliiba mimi. Hebu nifuate kabla sijaliuza." Nikamfuata. Angenishika mkono siku ile, mimi ningeanguka chini nisiinuke tena.

Mvua zikaja, tukafukuzana kwenye matope. Zikakatika. Kliniki walinibadilishia ile dawa na ladha ya shaba ikapungua, ingawa ulimi haukurudi wote. Daktari akanigongesha tena vidole, akanivutisha mistari yake, akaniambia niko mwepesi kuliko nilivyokuja. Alinitajia tena vitu vyake, baadhi nikavikumbuka na baadhi vikapotea. Hujapona, akasema, na endelea. Nyumbani nilijua mwenyewe kwa kitunguu. Siku moja nilijikuta namsimulia binti yangu kisa cha jirani aliyefumaniwa, na kisu kinakwenda. Nikasimama nikakitazama kisu. Binti akauliza, "Mama, ikawaje sasa?" Nikaendelea kukata na kusimulia, ingawa polepole.

Basi mtoto wa kiume wa mtani wangu akaoa. Wanawake wakakaa kupanga kazi, na nilikuwepo pale ukumbini kwake. Mmoja akataja mpishi wa mtaa wa pili, mwanamke mzuri, kijana. Wengine wakaitikia kwa haraka sana. Mimi nikatazama miguu yangu.

Mzaramo akapiga kofi mkeka. "Mwana nimemzaa mimi kwa uchungu wangu," akasema, "na pilau yake itapikwa na huyu mtumwa wangu wa Kinyamwezi. Akiharibu tutamla yeye. Asiyetaka akale kwake."

Hakuna aliyecheka sana. Walikubali kwa sababu arusi ni yake. Niliwaona walivyotazamana, na najua kuna aliyepika sufuria ya wali mweupe nyumbani kwake kwa tahadhari, kwa kuwa hitima ile walikuwa hawajaisahau. Siku hiyo ndiyo ingeamua. Nikiharibu ya pili, hata Mtume angeniombea wasingenipa tena moto wa shughuli.

Nilianza alfajiri. Mafuta, vitunguu vikawa vyekundu, kitunguu saumu na tangawizi, viungo, moshi na harufu vikapanda, nikasikia mwili wote umerudi nyumbani. Nyama, viazi, supu. Mikono ilikwenda. Wanawake walikuwa wakikatiza jikoni kwa visingizio, huyu anatafuta chujio, yule anatafuta kiberiti, na macho yao kwenye sufuria yangu. Mtani alikuwa upande wa pili wa uwanja, kwenye kigoda, anamenya ndizi na kumtukana kila anayepita.

Kisha mwanamke mmoja mzee akaja kunisalimia kutoka Nzega, ndugu wa mbali wa marehemu mume wangu, nikainuka nikampa mkono, tukaulizana hali, wazima, watoto, mvua. Nilipogeukia sufuria, supu ilikuwa inachemka, mchele umeoshwa unasubiri, bakuli la chumvi liko miguuni pangu, na mimi sijui. Nimetia? Sijatia? Nilionja. Ulimi ukaniambia labda. Niliangalia chumvi bakulini, lakini sikukumbuka ilikuwa imejaa kiasi gani. Wanawake wote walikuwa pale. Kama ningebahatisha kulikuwa na njia mbili na moja ilikuwa ya ungo maisha yangu yote.

Mara ya kwanza, kwenye hitima, nilibahatisha. Nafikiri ndivyo ilivyokuwa. Safari hii niliweka mwiko chini, nikainua sauti mbele yao wote, "Mtani! Nimetia chumvi au sijatia?"

Nilikuwa nimesema kwa mdomo wangu kile ambacho wao walikuwa wananong'ona. Na nilikuwa nimemuuliza nani? Mtu ambaye kwa haki yake yote anaweza kujibu hujatia, ongeza beseni zima, na tukaharibu karamu ya mwanawe mwenyewe kwa kucheka. Tangu nimjue sikuwahi kupata kwake jibu lililonyooka. Hata nikimuuliza saa ngapi ananiambia saa ya Wanyamwezi kubeba mizigo.

Aliweka kisu chini. Akanitazama. Nikaona kwamba muda wote ule, na matusi yake yote kwa wapita njia, hakuwa ameondoa macho kwenye mkono wangu.

"Umetia, dada," akasema polepole. "Nimekuona. Tia mchele."

Nikatia mchele. Maji yalipokauka nikafunika, nikapalia makaa juu ya mfuniko. Watu walikula wakagombania ukoko, na masufuria ya Cheyo yakarudi kwangu. Yako kwangu mpaka leo, na kila shughuli husimama mtu kando yangu kuutazama mkono, na hakuna anayeona ajabu.

Lakini pale jikoni machozi yalinitoka, na wanawake wakadhani ni moshi. Mtani hakuiti dada. Mtani anaacha kukutania siku anapoona kwamba umeumia kweli na hakuna la kufanya. Tangu arusi ile amenitukana matusi ya kila aina, mbele ya watu na nyuma ya watu, na bado tunafukuzana asubuhi kwa magoti yake mabovu. Yote nimemsamehe, kasoro hilo dada.